Posho au Mshahara? Kisa cha Klabu Moja ya Soka ya Ng'ambo, Unguja, Kabla ya Ligi Kuanza

Jumatatu ile kocha alifika uwanja wa Maisara saa kumi kasorobo, mfuko wa mipira begani, kama kawaida yake. Akapanga koni, akatazama saa. Waliokuja uwanjani walikuwa vijana wanne wa timu ya chini, wawili kati yao wamevaa njumu za kuazima. Wachezaji wakubwa kumi na tisa nao walikuwepo, ila walikaa upande wa pili wa barabara, ukutani, kivulini. Baadhi yao walivaa kanzu na kofia, wengine suruali za kutokea na makubadhi. Hawakuwa na bango wala hawakupiga kelele. Muuza juisi ya miwa akapita, wakanunua. Kocha alisimama katikati ya koni zake dakika kama ishirini, kisha akaziokota moja moja, akarudi nyumbani.

Mgomo wenyewe ulikwenda siku ishirini na mbili. Mie nilikuwemo kama mwandishi wa vikao. Zamani niliichezea klabu hii beki wa kushoto, sasa nafundisha skuli, na wazee wa mtaa waliponiita waliniambia, "Maalim, njoo uandike tu, usiseme." Nikasema pia, na baadhi ya niliyoyasema nayajutia. Jina la klabu silitaji, na wahusika nitawaita kwa vyeo vyao. Mtaa ni mdogo, wanaojua watajua.

Naandika kisa hiki kirefu kwa sababu kila msimu unapokaribia kuanza tunasikia habari hizi nusunusu, wachezaji wa fulani wamegoma, halafu ligi inaanza na yanasahaulika. Mara chache mtu hukaa akaeleza fedha zilikuwa ngapi, karatasi zilisema nini, na nani alishika nini mkononi.

Walichodai

Madai yalikuwa matatu. La kwanza, posho la miezi minne, shilingi 120,000 kwa mwezi kwa kila mchezaji. La pili, masalio ya fedha za usajili. Wachezaji saba waliahidiwa fungu mara mbili, wakapewa la kwanza tu. Sita walidai 300,000 kila mmoja, na kipa 500,000. La tatu tuliliita "bonasi ya botini", na hilo lina hadithi yake.

Msimu uliopita timu ilivuka kwa boti kwenda kucheza Gombani, Pemba. Bahari ilikuwa chafu siku hiyo, nusu ya kikosi wameshika mifuko ya nailoni mdomoni. Mfadhili, aliyekuwa amesafiri nao, akasimama katikati ya viti akishikilia nguzo, akasema wakishinda kila aliyemo safarini atapata 30,000. Walikuwa wachezaji kumi na wanane. Wakashinda. Mfadhili akashuka bandari ya Malindi na timu, akapanda gari yake, na kwa mambo ya biashara ambayo hayatuhusu hapa akajitoa kwenye klabu kabla ya mwezi kwisha. Ahadi ikabaki botini.

Hesabu nilifanya mwenyewe. Posho la watu kumi na tisa kwa miezi minne ni 9,120,000. Watatu walishapokea nusu ya mwezi mmoja, kwa hiyo toa 180,000, inabaki 8,940,000. Usajili ni 2,300,000. Bonasi ni 540,000. Jumla 11,780,000.

Mweka hazina wa klabu alikuja na hesabu yake, 6,680,000. Hakuwa mwongo. Aliiacha bonasi, kwa sababu kamati haikuiahidi. Na aliiacha miezi miwili ya posho, akisema miezi hiyo ligi ilikuwa imesimama na posho ni la mchezo. Hakuna mchezo, hakuna posho. Kwa hiyo tofauti yote, milioni tano na laki moja, karibu nzima ilikaa juu ya maana ya neno moja.

Upande wa klabu

Nisimfanye mtu yeyote jini. Klabu hii ni ya raia. Haina kikosi cha serikali nyuma yake, haina duka, haina basi. Viingilio vya mechi za kawaida pale uwanja wa Mao havilipi hata maji ya kunywa na nauli za daladala. Ada za wanachama hulipwa na wazee wale wale tisa au kumi kila mwaka. Katibu, mtu mzima mwenye mjukuu, alikuwa ameweka vespa yake rehani ili timu ipate nauli ya boti kwenda Pemba, na mpaka mgomo unaanza vespa ilikuwa bado kwa mwenye fedha. Alikuwa akija vikaoni kwa miguu kutoka Jang'ombe.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo wasomaji wa Bara huenda hawalioni vizuri. Soka ya Zanzibar ina timu za aina mbili ndani ya ligi moja. Kuna timu za vikosi vya serikali: KMKM, JKU, Mafunzo, Zimamoto, KVZ na wenzao. Na kuna timu za mitaa. Mchezaji wa kikosi mara nyingi ni muajiriwa. Ana namba ya kazi, ana mshahara unaoingia mwezi ukiisha hata akiwa na nyama ya paja imechanika, na akistaafu mpira anabaki na kazi yake. Mchezaji wa timu ya mtaa ana posho. Ndiyo maana kijana akifunga mabao kumi na klabu ya raia, mama yake hamwombei Simba wala Yanga kwanza. Anamwombea ajira.

Na matokeo yanaonekana uwanjani. KMKM walichukua ubingwa wa ligi misimu mitatu mfululizo mpaka 2022/23, na 2023/24 ukaenda JKU. Raia nao hawajafa: Mlandege walitwaa Kombe la Mapinduzi 2023, wakalirudia Januari 2024 kwa kuwafunga Simba bao moja bila katika fainali. Wazee wetu bado wanasimulia 1995, Malindi ilipofika nusu fainali ya Kombe la CAF, na Zanzibar ikabeba Chalenji, kombe la timu za taifa za Afrika Mashariki na Kati, kule Uganda. Lakini hadithi za 1995 hazilipi posho la mwezi wa nne.

Kwa hiyo aliyekaa ukutani Maisara alikuwa akijipima na jirani yake wa kikosi, anayecheza naye ligi moja, uwanja mmoja, na pengine alisoma naye darasa moja. Huko Marekani mwaka 2011 wenye timu za mpira wao ule wa kofia na mabega, NFL, waligombana na wachezaji juu ya kugawana mapato ya takriban dola bilioni 9 kwa mwaka. Walikuwa na keki, wakagombania kisu. Sisi tuligombania shimo. Kisa chetu kinafanana zaidi na mgomo wa Spain wa Agosti ya mwaka huo huo wa 2011, ambao wachezaji walisusia raundi ya kwanza ya ligi kwa sababu zaidi ya wenzao 200 walikuwa wanazidai klabu karibu yuro milioni 50. Kule walichotaka ni dhamana kwamba klabu ikianguka, mshahara hauanguki nayo.

Mlango wa stoo

Wiki ya kwanza ilipita kwa kuviziana. Wachezaji walikuja kila jioni, wakakaa ukutani, wakaondoka magharibi. Kamati ikadhani watachoka.

Wiki ya pili kamati ikafanya kosa. Mwenyekiti aliagiza stoo ya vifaa itiwe kufuli jipya, na chumba cha kubadilishia nguo pia. Akasema asiyefanya mazoezi ya klabu asiguse mpira wa klabu. Viatu vya wachezaji wengine vilikuwa ndani, na soksi, na dawa ya misuli ya mtu. Mpaka hapo ulikuwa mgomo. Kuanzia hapo ukawa pia ni mwajiri kuwafungia nje watu wake, na mambo hayo mawili yanatofautiana sana kwa hisia. Aliyegoma anajiona ana deni la kueleza. Aliyefungiwa nje anajiona ameonewa.

NFL mwaka ule walifanya hivyo hivyo kwa ukubwa wao: mkataba ulipokwisha mwezi Machi wenye timu wakafunga milango, na wachezaji wakawa wanakutana wenyewe kwenye viwanja vya skuli na vyuo kujifua. Ilichukua mpaka tarehe 25 Julai kuelewana, na baada ya kelele zote mchezo uliofutwa ulikuwa mmoja tu, wa kirafiki wa kufungulia msimu. Wetu nao wakaanza kukimbia alfajiri pwani ya Maruhubi, maji yakiwa yamekupwa, na mpira mmoja wa mtoto wa kepteni. Nilikwenda kuwaangalia mara moja. Nakiri walikimbia vizuri kuliko walivyokuwa wakikimbia kwa kocha.

Kikao cha kwanza kilikuwa kimeshafanyika kabla ya kufuli hilo, ofisini, chini ya makombe yenye vumbi. Kilivunjika ndani ya nusu saa. Mwenyekiti alianza kwa upole, "Nyinyi ni wanangu. Mtoto hamdai baba yake." Kepteni, kijana mtaratibu ambaye sijapata kumsikia akipaza sauti hata kwa refa, akajibu akiwa ameinamisha kichwa: "Shikamoo baba. Kama sisi wana, tulisheni. Kama wachezaji, tulipeni. Mtuchagulie moja." Mzee mmoja akaguna, mwengine akacheka kwa bahati mbaya, na mwenyekiti akasimama akatoka.

Walipokosea wachezaji

Nilipomkuta kepteni nje nilimuuliza, barua iko wapi? Akaniangalia. "Barua gani, Maalim?"

Hawakuwa wameandika chochote. Watu kumi na tisa, karibu wiki nzima ukutani, na hakuna karatasi hata moja yenye tarehe inayosema tunadai kiasi fulani. Kwangu hilo lilikuwa kosa lao kubwa, na kama mambo yangefika mbele lingewaumiza.

Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zina kifungu cha 14bis, kilichoanza kutumika Juni 2018. Kinasema klabu ikishindwa bila haki kumlipa mchezaji angalau mishahara ya miezi miwili, mchezaji ana sababu ya haki ya kuvunja mkataba, lakini sharti kwanza aiandikie klabu kuwa haijalipa na aipe angalau siku 15 kulipa. Ukiondoka bila ile notisi, unaweza kuhesabiwa wewe ndiye uliyevunja. Ni kweli chombo cha FIFA cha kuamua migogoro ya mishahara husikiliza mashauri yenye sura ya kimataifa, na mchezaji wa Kwahani anayeidai klabu ya Kwahani hana safari ya Zurich. Ni kweli pia kwamba sisi si wanachama wa FIFA, na uanachama kamili wa CAF tuliupata Machi 2017 ukafutwa Julai mwaka ule ule. Hata hivyo kipimo hicho cha miezi miwili na siku kumi na tano ndicho kila mtu wa soka anakijua, na wajumbe wa kamati wanakijua pia.

Kuna jambo jengine walilotishwa nalo. Mjumbe mmoja aliwaambia wakienda kwenye vyombo vya kazi watafungiwa maisha, kwa sababu mambo ya mpira hayaendi mahakamani. Nimelisikia hilo tangu ninacheza. Lina ukweli wa nusu: FIFA haipendi migogoro ya soka ipelekwe mahakama za kawaida. Lakini kifungu cha 22 cha kanuni hizo hizo kinaanza kwa kulinda haki ya mchezaji au klabu kwenda mahakama ya kiraia kwa mgogoro wa ajira. Na kazi si jambo la Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Nam. 11 ya 2005, na ya Mahusiano Kazini, Nam. 1 ya mwaka huo huo, na migogoro ya kazi ina kitengo chake cha kuishughulikia kabla ya mahakama. CMA ya Bara, tume yao ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, hainusi huku. Tatizo la vijana wetu lilikuwa la mwanzo kabisa: wao ni wafanyakazi au ni wapenzi wa mpira wanaopewa nauli?

Barua tuliiandika siku ya sita, mezani kwangu, kwa simu ya kiungo mmoja mwenye mwandiko mzuri wa simu. Nusu ukurasa. Miezi, kiasi, majina, saini. Siku 15 zikawa zinaisha siku ya ishirini na moja, na dirisha la usajili lilikuwa linafungwa siku ya ishirini na tatu. Kepteni alipohesabu kwa vidole akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Nani alishika nini

Hapo ndipo penye kiini cha kisa chote kwa maoni yangu. Wachezaji walishika kalenda. Klabu isiyo na wachezaji dirisha likifungwa ni klabu inayoshuka daraja kabla ya kucheza, na mtaa mzima ungejua ni kamati ipi iliyofanya hivyo. Mgomo ule ule ungefanywa katikati ya mapumziko, miezi miwili nyuma, usingemnyima mtu usingizi. Spain waligoma raundi ya kwanza kwa sababu hiyo hiyo.

Klabu nayo ilishika barua ya kuachiwa. Straika na winga wa kushoto walikuwa na tetesi nzuri: timu mbili za vikosi zilikuwa zinawataka, na penye kikosi pana ajira. Bila barua ya klabu, safari hiyo haiendi. Desemba 1995, mahakama ya Ulaya ilipoamua kesi ya Jean-Marc Bosman, ilisema mchezaji aliyemaliza mkataba asizuiwe kuhama kwa kudaiwa ada. Miaka yote hii baadaye, kwetu karatasi moja yenye mhuri bado inamfunga mtu. Mikataba ya vijana hawa wawili ilikuwa imekwisha au haijakwisha? Hakuna aliyejua, maana nakala zote zilikuwa ofisini na mchezaji hakupewa hata moja.

Ndani ya wiki ile ya tatu straika akaanza kuyumba. Sikumlaumu. Ana mke na mtoto mchanga, na mjumbe mmoja alikuwa akimpigia simu usiku: "Yakhe, wewe jitenge nao, barua yako ipo tayari." Kama angekwenda, mgomo ungekufa usiku ule. Hakwenda. Nilimuuliza baadaye kwa nini, akasema alimwogopa mama yake kepteni.

Daftari

Kikao cha pili kilifanyika kwa mzee mmoja Kikwajuni, baada ya magharibi, kahawa na kashata katikati. Mweka hazina akarudia msimamo wake kwamba posho ni la mchezo. Mkataba, uliotolewa kabatini hatimaye, ulisema "posho la kujikimu wakati wa ligi". Maneno hayo yalikuwa upande wake. Niliona nyuso za vijana zikianguka.

Mtunza vifaa alikuwa amekaa mlangoni, hakualikwa, alileta funguo tu. Mzee wa miaka sitini na kitu, ameosha jezi za klabu hii tangu mimi nina nywele. Akaomba ruhusa, akatoka, akarudi na kaunta buku lenye jalada la buluu lililofungwa mpira wa manjano.

Ni yeye aliyekuwa akigawa posho kwa mkono, kwa sababu mweka hazina ana duka na jioni hapatikani. Kila mwezi alipiga mistari kwa rula, jina kushoto, kiasi katikati, saini kulia. Aliyepata nusu aliandikiwa "N" kwa kalamu nyekundu. Mchezaji mmoja asiyependa kuandika alitia dole gumba, na wino umesambaa mpaka mstari wa chini. Kurasa zilinuka dawa ya kuchua. Mzee akalamba kidole, akafungua msimu wa kabla ya huu uliokwisha, akaweka daftari juu ya sinia.

Msimu ule pia ligi ilisimama, na kwenye ukurasa wa mwezi wa kusimama posho lilikuwa limelipwa. Wote. Saini zote zipo. Mwezi uliofuata vivyo hivyo. Miezi kumi na nne mfululizo, tarehe tatu, tarehe tano, tarehe sita, bila kuruka.

Mwenyekiti alilivuta akalisoma kimya. Mkataba unaweza kusema posho la mchezo. Lakini ukimlipa mtu kiasi kile kile, tarehe zile zile, awe amecheza au hakucheza, miezi kumi na nne, umeshamwambia kwa vitendo kuwa ni malipo ya mwezi. Sikusema hivyo kwa sauti. Mara hiyo moja nilinyamaza. Mwenye nyumba ndiye aliyesema, "Basi hapa pameandikwa kila kitu. Tusipotezeane kahawa."

Walichokubaliana, na walichokiacha

Kikao cha tatu, usiku wa siku ya ishirini na mbili, kilikuwa cha hesabu tu. Klabu ikakiri 11,240,000, yaani posho lote na usajili wote. Bonasi ya botini wachezaji wakaisamehe, na kwa kuisamehe wakapata barua mbili za kuachiwa kwa straika na winga, na deni lao likabaki pale pale. Kwa bei hiyo mie naona walinunua rahisi. Milioni nne zililipwa usiku ule na asubuhi yake, kwa simu, kutoka kwa wanachama ambao kwa miaka hawakulipa hata ada. Aibu ya mtaa ina fedha zake. Masalio ya 7,240,000 yakagawanywa mara nne, 1,810,000 kila tarehe 10 ya mwezi. Kila mchezaji apewe nakala ya mkataba wake. Miezi miwili ikipita bila malipo, barua ya kuachiwa inatoka bila kuombwa.

Kilichokataliwa ni neno. Wachezaji walitaka mkataba mpya uandikwe "mshahara". Mwenyekiti akagoma, safari hii yeye. Akasema ukiandika mshahara, kesho wanakuja ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, kudai michango ya mwajiri, na klabu haina. Hapo alikuwa mkweli kuliko siku zote. Mwisho wakaandika "malipo ya mwezi", na kila upande ukalisoma ulivyotaka. Sina raha na kipengele hicho. Fedha za zamani zimepatikana, lakini swali la kama kijana huyu ni mfanyakazi, mwenye haki ya akiba na matibabu, limetiwa sabuni likateleza.

Na aliyeteleza nalo ni beki wa kulia. Siku ya kumi na sita ya mgomo, akiwa hana fedha, alikubali kucheza ndondo kwa elfu kumi na tano na sahani ya pilau. Akakanyaga vibaya, goti likageuka. Alikuwa mmoja wa wale kumi na tisa wa ukutani. Klabu ikasema hakuumia kazini. Kweli. Wenzake wakasema asingekuwa kule kama angelipwa. Nalo kweli. Kwenye makubaliano amepata deni lake la nyuma, kama wenzake. Usajili wa msimu huu hakupata, kwa sababu hajui kama atacheza. Katika kikao cha tatu nilijaribu kulizungumza jambo lake, saa tano usiku, watu wamechoka, na nikakubali haraka kuliachia "litazungumzwa". Hilo ndilo ninalolijutia zaidi.

Msimu huu

Watu wananiuliza timu itakuwaje. Nitasema ninavyoona. Ubingwa hapana. Tumepoteza mabao ya straika, na winga mpya aliyetoka Wete ana mbio lakini krosi zake bado zinapiga ukuta wa jirani. Kipa yuko, na kipa huyu amelipwa, na kipa aliyelipwa hutoka golini mapema. Kati tuna kepteni. Mwanzo wa msimu utakuwa mgumu, maana siku ishirini na mbili za mazoezi ya pamoja hazirudi, hata kama miguu ilikimbia Maruhubi. Katikati ya msimamo wa ligi nitashukuru. Mchezo wa kwanza wa ugenini ni Gombani tena, na nimesikia safari hii kamati imekubaliana mtu yeyote asitoe ahadi mpaka boti ifunge bandari ya Mkoani.

Tarehe 10 ya kwanza ilipita. Fedha zilikuja tarehe 12, kamili. Kepteni hakusema kitu.

Juzi nilipita stoo. Kufuli lile jipya limeondolewa, limetundikwa msumarini ndani. Mtunza vifaa alikuwa amenunua kaunta buku jipya na anapiga mistari ya msimu, rula chini ya kiganja, ulimi nje kidogo. Wachezaji wapya amewatengea ukurasa wao. Kwa wa zamani alikuwa amepiga mistari kumi na saba na kuandika majina kumi na sita kwa wino. Wa kumi na saba alikuwa ameuandika kwa penseli.